Sophia Mustafa na Kura Tatu za 1958

Hapa Kenton, Wahindi waliotoka Afrika Mashariki bado wanakula "mogo", yaani mhogo wetu uliopoteza herufi moja njiani. Siku moja, tukimenya mihogo jikoni, nilimwuliza bibi yangu aliyekulia Arusha: "Zamani Wahindi wa kule waliwakilishwa na nani?" Akanijibu, "Na Sophia Mustafa. Lakini usifikiri tulimchagua sisi peke yetu." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Sophia Mustafa alizaliwa India mwaka 1922, akakulia Kenya, kisha akahamia Arusha na mumewe. Mwaka 1958 aligombea kiti cha Wahindi cha Jimbo la Kaskazini katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, akashinda.

Uchaguzi ule ulikuwa wa ajabu. Serikali ya kikoloni iligawa viti kwa rangi: kila jimbo lilikuwa na kiti cha Mwafrika, cha Mhindi na cha Mzungu. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Tena hakuruhusiwa kumchagua mtu wa rangi yake tu. Ilimbidi achague mmoja wa kila kundi.

Wanachama wengi wa TANU waliuona utaratibu huo kuwa ni matusi. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, wakapitisha uliokuja kuitwa "uamuzi wa busara". Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuanzisha chama chake. TANU sasa ilihitaji Wahindi na Wazungu wa kuwaunga mkono, na Sophia alikuwa mmoja wao.

Hapa ndipo nilipokwama. TANU wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika peke yao. Milango haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote hadi 1963. Kwa hiyo Sophia alisimama kwa msaada wa chama ambacho yeye mwenyewe hakuweza kupata kadi yake. Waafrika waliombwa wamwamini Mhindi, naye alikubali kuwaamini kabla hajakaribishwa ndani.

Imani hiyo ilijaribiwa Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia. Baadhi ya wabunge walitaka utolewe kwa kufuata rangi. Nyerere alikataa, akasema serikali yake ingejiuzulu kama muswada usingepita. Ulipita.

Sophia alikuwa mbunge hadi 1965. Aliandika habari za miaka ile katika kitabu chake *The Tanganyika Way*, na uzeeni, akiishi Kanada, akatunga riwaya. Alifariki 2005.

Wengine watasema alitumiwa tu, kwa kuwa kiti chenyewe kilibuniwa na mkoloni. Ni kweli kwamba kiti kilikuwa cha rangi. Lakini kura hazikuwa za rangi moja, na aliyezipata alilazimika kuwajibika kwa watu ambao hawakufanana naye. Nilipomsomea bibi sentensi hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika kwamba na sisi tuliwapigia Waafrika kura. Watu husahau upande huo."

Nimeandika, bibi.