Tamathali na Majirani Zake: Habari ya Neno "Maji" katika Bonde la Kilombero

Tamathali ya usemi ni neno lililohamishwa kutoka mahali pake pa asili likapewa kazi nyingine, hali msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua kuwa limehama. Sehemu ya mwisho ya maelezo haya aghalabu husahauliwa, walakini ndiyo yenye uzito. Asemaye kwamba shujaa fulani ni simba hatazamii mtu aende kumtafuta manyoya shingoni, na anayekwenda kuyatafuta hakuielewa lugha. Pasipokuwa na kuhama kunakojulikana na pande zote mbili, kilichopo ni mmoja wa majirani wa tamathali: jina, takriri, ishara, au imani iliyosemwa waziwazi. Majirani hao hufanana nayo kwa sura, na kwa sababu hiyo huchanganywa. Katika darasa la fasihi kosa hilo hugharimu alama chache. Katika historia hugharimu haki ya wafu. Neno "maji", kama lilivyotumika katika bonde la Kilombero tangu mwaka 1905, latosha kuwa shahidi.

Istilahi zenyewe zina habari ndefu ya kuhama. Elimu ya balagha ya Waarabu iliwapa Waswahili majazi, tashbihi, istiara na kinaya. Asili ya istiara ni kuazima: kitu huazimwa neno lisilo lake. Katika Kiswahili shina hilo moja limezaa maneno mawili, sitiari na istiara. Wengi hulitumia la kwanza kwa mlinganisho usiohitaji neno "kama", na baadhi ya wataalamu wameliweka la pili kwa ajili ya hadithi nzima yenye maana ya ndani. Kinaya imekwenda mbali zaidi. Kwa wanabalagha wa Kiarabu ni kulitaja jambo kwa kitu kinachoandamana nalo. Katika shule za Afrika Mashariki ni kusema kinyume cha kinachokusudiwa. Kwa hiyo kulijua jina la tamathali hakutoshi kuitambua. Yapasa kutazama kazi inayofanywa na neno mahali lilipo.

Jirani mpole kuliko wote ni jina. Katika mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, iko kata iitwayo Viwanja Sitini. Maneno hayo mawili ni hesabu tupu. Hayalinganishi kitu na kitu. Anayelitaja jina hilo leo hahesabu viwanja. Amekusudia mahali, na ile hesabu imelala ndani ya jina. Hiyo si sitiari. Lakini mtu akisema, "Viwanja Sitini wamekwenda mazikoni," amekusudia watu kwa kutaja mahali wakaapo, na hapo tamathali imezaliwa. Sitiari husafiri kwa mfanano. Hii husafiri kwa ujirani. Neno halikubadilika hata herufi moja, ila kazi yake.

Bonde la Kilombero ni nchi ya mto. Mvua zikizidi, maji hutapakaa mbugani, yakaleta rutuba ya mpunga na samaki, na pengine yakachukua nyumba. Katika nchi kama hiyo mtu akisema kwamba maji yamemfika shingoni, msikilizaji ana haki ya kuuliza kama ni ya mto au ya madeni. Akiwa amekusudia madeni, usemi wake ni nahau, yaani tamathali iliyozoeleka hata umbo lake likaganda. "Maji yakimwagika hayazoleki" ni methali, na methali ni utungo kamili wenye hukumu yake. Tamathali imo ndani yake kama kiini ndani ya kokwa. Tamathali ni namna ya kusema, na methali ni kauli ambayo jamii imekwisha kuisema.

Katika nchi hiyohiyo ya mto neno "maji" lilipata kazi nzito. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, aligawa dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, na ahadi yake ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kupanda bara. Tarehe 30 Agosti wapiganaji, Wapogoro na Wambunga miongoni mwao, waliishambulia boma ya Mahenge, katika milima iliyo kusini ya Ifakara. Bunduki za rashasha ziliwafyeka kwa wingi. Hata vilipokwisha vita mwaka 1907, mapigano na njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa vijiji na vyakula vilikuwa vimewaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Neno moja limefanya kazi nne katika habari hiyo. Ukelele wa wapiganaji, "Maji! Maji!", ni takriri: mbinu inayopanga sauti na kutia nguvu, na haihamishi maana. "Vita vya Maji Maji" ni jina lililotokana na dawa na ukelele wake, na asili ya jina hilo ni tamathali ya ujirani, kwa kuwa vita havikufanana na maji. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, maji ni ishara: yanabaki maji mbele ya watazamaji, na papo hapo yanaelekeza kwenye umoja wa makabila. Imebaki kazi ya nne, ahadi kwamba risasi zitageuka maji. Kwa umbo inafanana na sitiari kabisa, maana kitu kimoja kinasemwa kuwa kingine. Walakini aliyeinywa dawa akaamini na kuikabili bunduki hakukosea lugha kama yule anayemtafuta shujaa manyoya. Aliielewa ahadi kama ilivyotolewa. Iliyomwangusha ni bunduki.

Ndipo penye hatari mbili. Watawala waliiita ahadi hiyo upumbavu wa washenzi, wakapata udhuru wa kutosikiliza kilio cha pamba, kodi na kazi ya shuruti. Baadaye wako waliotaka kuwatetea wafu, wakasema kwamba maji yalikuwa sitiari ya umoja tu. Utetezi huo una wema, lakini unawapokonya wafu imani yao na kuwapa ushairi wasiouomba. Tangu mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee waliovikumbuka vita. Mwenye kuyasoma maandishi ya namna hiyo hukutana na mtihani huu katika kila ukurasa: mzee asemapo "maji", je, anapamba, anaita jina, au anashuhudia?

Kuijua ishara kwaweza kumsaidia msomaji huyo. Sitiari humlazimisha achague: ama shujaa ana manyoya, ama neno limehama. Ishara haina sharti hilo, kwa kuwa kitu hubaki kilivyo huku kikielekeza kwingine. Waliokunywa dawa ile waliweza kuitumaini kuwa kinga ya mwili, na wakati uleule wakatambuana kwa hiyo kuwa watu wa upande mmoja, Mmatumbi na Mpogoro na Mmbunga. Dawa iliwaunganisha kwa sababu waliiamini. Mwanahistoria hana haja ya kuitupa imani ili auone umoja, wala kuufuta umoja ili aitaje imani. Ni kuyaita maji hayo sitiari ndiko kunakomlazimisha kutupa kimoja, na wafu wa Mahenge walikuwa na vyote viwili.