Barua ya Mwaka Mzima: Wapagazi wa Tabora na Kamera Yako Inayokwama

Wadau, kama umeacha nyumba Tabora na wewe uko Dar, Mwanza au ng'ambo unatafuta maisha, kile kiduara unakijua. Unafungua simu uone geti la nyumbani limefungwa au la, mama ameamka au bado. Kiduara kinazunguka weee, halafu picha inakuja vipande vipande. Ukichoka unasema, "Tabora mbali bwana, mtandao wa huko ndiyo hivyo."

Hilo neno "mbali" Tabora imelisikia muda mrefu. Na historia yake inaonyesha kwamba mara nyingi linasingiziwa.

Karne ya 19 mji huu, ambao wageni waliuita Kazeh au Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara. Ukitoka Bagamoyo unafika hapa, kisha njia moja inakwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi 4 kufika. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga matembe yao hapa wakafanya biashara ya pembe za ndovu na, tusifichane, ya watu pia. Wengi wao walikuwa na familia Unguja, na waliowakopesha mali walikuwa huko huko. Nao walikuwa na kiu hiyo hiyo: nyumbani kukoje?

Jibu lao lilikuwa kichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na juu yake chakula na mkeka wake. Vitabu vimejaa majina ya wazungu waliosafiri nao. Majina ya wapagazi wengi hayapo. Lakini habari zote zilizoingia na kutoka bara zilipita kwenye miguu yao.

Sasa sikia kisa kimoja. Novemba 1870 mzigo wa Livingstone, pamoja na mfuko wa barua zake, ulitoka Unguja. Yeye alikuwa bara, miaka inapita bila habari za kwao. Mzigo ulivuka hadi Bagamoyo, ukakaa. Si siku mbili tatu. Miezi 3 hivi. Ulipoondoka, ulitembea hadi Unyanyembe, ukakaa tena. Mwaka 1871 Mirambo na Waarabu wa Tabora walikuwa vitani, njia ya Ujiji imefungwa. Stanley alipofika Tabora akaukuta mfuko umelala tu, akauchukua, akazunguka kwa njia ya kusini. Livingstone aliupokea Ujiji baada ya kama mwaka mzima tangu utoke Unguja.

Piga hesabu. Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya kama miezi 3, na Stanley hakufikisha miezi 2 kutoka Tabora hadi Ujiji. Zaidi ya nusu ya mwaka ule barua hazikuwa zinatembea, zilikuwa zimekaa mahali. Miguu ya wapagazi haikuwa na kosa. Hata njiani, misafara ilisimama Ugogo kulipa hongo kwa watemi, siku zinaisha kwenye mazungumzo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita. Maana ya rushwa imekuja baadaye.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi wa misafara kwenye njia hiyo ikafifia. Lakini kanuni haikufa: habari huchelewa kwenye vituo, na umbali peke yake ni sababu ndogo.

Rudi kwenye kamera yako. Picha ya geti nayo ina vituo: inatoka kwenye kamera, inakwenda kwa Wi-Fi hadi kwenye ruta, inatoka nje kwa laini ya intaneti, mara nyingi inapitia seva ya kampuni ya kamera, ndipo inashuka kwenye simu yako. Kabla hujalaumu Tabora, uliza imekwama kituo gani.

Anza nyumbani. Mwambie aliyeko pale aiangalie kamera akiwa kwenye Wi-Fi ile ile. Kama hata kwake inakwama, tatizo liko ndani: ruta iko sebuleni, kamera iko getini, katikati kuna kuta nene. Sogeza ruta au vuta waya. Kama kwake iko safi, toka nje.

Kituo cha pili ndicho kinachowaponza wengi: kasi ya kupandisha. Mtu anapima intaneti, anaona kasi ya kushusha ni kubwa, anaridhika. Kumbe kamera inapandisha, na mara nyingi kasi hiyo ni ndogo zaidi. Kamera moja ya picha kali inaweza kutaka megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Ukifungua 4 kwa pamoja unatafuta hata 16. Huo ni sawa na kumtwisha mpagazi mmoja mizigo minne. Punguza mzigo: kwenye programu chagua picha ya ubora wa chini unapotazama ukiwa mbali, na yenye ubora mkubwa iendelee kurekodiwa nyumbani. Kama kamera na simu vinakubali mbano wa H.265, itumie badala ya H.264. Fungua kamera moja moja.

Bando nalo litakushukuru. Picha ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama megabaiti 900 kwa saa. Ya nusu megabiti inakula kama 225.

Mwisho pima upande wako: hama kutoka data ya simu kwenda Wi-Fi, uone. Ikibadilika, Tabora haina kosa, laini yako ndiyo imejaa. Na usikubali fundi akufungulie mlango wa ruta kwa dunia nzima eti picha iwe haraka, huku nenosiri ni lile la kiwandani. Utaona geti upesi, na wezi nao wataliona.

Kwa nini nalisema hili kwa uzito? Kwa sababu picha iliyochelewa hudanganya. Inakuonyesha geti limefungwa wakati tayari limefunguliwa. Livingstone alisoma habari za mwaka uliopita akijua ni za mwaka uliopita. Sisi tunaona picha ya zamani tunadhani ni ya sasa. Ndiyo maana hata kamera ikiwa safi, bado unamhitaji jirani wa kumpigia usiku, "Hebu nichungulilie pale kwa mama." Huyo ndiye mpagazi wa leo, na jina lake tusilipoteze kama tulivyopoteza ya wale wa zamani.

Haya, yako inakwama kituo gani? Na nani huwa anakuchungulilia nyumbani? Tiririka hapo chini.