Kasoro za ujenzi wa nyumba na haki za mwenye nyumba katika Rumonge na mwambao wa Tanganyika, Burundi

Kasoro ya ujenzi ni upungufu wa mchoro, wa vifaa, wa kazi ya fundi au wa ardhi yenyewe, unaoifanya nyumba isiwe imara au isifae kwa matumizi yaliyokusudiwa. Katika mji wa Rumonge, ulioko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura kwenye Barabara ya Taifa namba 3 inayoelekea Nyanza-Lac, kasoro hizo huonekana hasa katika msingi mfupi uliochimbwa mchangani, matofali yasiyoiva vizuri, zege iliyopunjwa saruji, na kuta zilizoinuliwa bila mkanda wa zege wa kuzishika pamoja. Sheria ya Burundi humpa mwenye nyumba njia kadhaa za kudai haki yake, lakini nguvu ya njia hizo hutegemea mno mambo yaliyofanyika kabla ya msingi kuchimbwa.

Chimbuko la haki hizo ni Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, kinachohusu mikataba na wajibu, ambacho kilitungwa mwaka 1888 kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo na baadaye kikatumika Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Kitabu hicho kilifuata nyayo za sheria ya Kifaransa ya mwaka 1804, na kanuni yake ya msingi ni kwamba mapatano yaliyofungwa kihalali huwa ni sheria kwa wale walioyafunga. Kwa hiyo fundi aliyekubali kujenga vyumba vinne kwa bei maalumu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba bei ilikuwa ndogo, na mwenye nyumba naye hawezi kuzuia malipo ya kazi iliyofanyika sawasawa.

Jambo moja katika mapokeo hayo linastahili kujulikana zaidi mwambaoni, kwa kuwa nyumba nyingi hujengwa na mafundi wasio na kampuni wala ofisi. Mwashi, seremala au fundi mwingine anayepatana moja kwa moja na mwenye nyumba kwa bei ya kazi nzima huhesabiwa kuwa mkandarasi katika sehemu aliyoichukua, na hubeba wajibu uleule wa mkandarasi mkubwa. Jengo likianguka, lote au sehemu yake, kwa sababu ya ubovu wa ujenzi, aliyelijenga huwajibika kwa muda wa miaka uliowekwa na sheria, ambao katika sheria ya Kifaransa ni miaka 10. Wajibu huo hauondoki hata kama ubovu ulikuwa wa ardhi yenyewe, kwani anayejua kazi ya ujenzi ndiye anayetarajiwa kuipima ardhi na kukataa kujenga mahali pasipobeba nyumba. Kanuni hii ina uzito wa pekee Rumonge, ambako mitaa ya chini imekaa juu ya mchanga na udongo ulioletwa na mito kutoka milimani, na maji hupatikana baada ya kuchimba kidogo tu.

Hata hivyo kuna desturi inayomdhoofisha mwenye nyumba bila yeye kutambua. Familia nyingi hununua saruji, nondo na matofali kidogokidogo kadiri fedha zinavyopatikana, kutoka mavuno ya mawese au mauzo ya ndagala, kisha humwita fundi kwa kazi ya mikono pekee. Vifaa vinapotolewa na mwenye nyumba, fundi huwajibika kwa kosa lake tu, na hapo hulazimu kubainisha kama ukuta ulipasuka kwa sababu ya uzembe wake au kwa sababu ya matofali mabovu aliyoletewa.

Ushahidi ndio unaoangusha madai mengi. Sheria hiyo ya mwaka 1888 hutaka mapatano yanayozidi thamani fulani yathibitishwe kwa maandishi, ingawa karatasi yoyote iliyotoka mkononi mwa mdaiwa, kama vile stakabadhi ya malipo ya awali au orodha ya vifaa aliyoiandika mwenyewe, inaweza kufungua mlango wa kusikiliza mashahidi. Karatasi moja iliyotiwa saini na pande zote mbili, ikitaja vipimo, vifaa, bei na tarehe ya kukabidhi, ina thamani kuliko mashahidi kumi. Siku ya kukabidhiwa kazi ni ya maana vilevile: kasoro zinazoonekana kwa macho ziandikwe siku hiyo, kwani anayepokea nyumba bila kusema neno huchukuliwa kuwa ameziridhia, na hubaki na haki juu ya zile zilizojificha tu.

Kasoro inapojitokeza, hatua ya kwanza ni onyo rasmi la maandishi linalompa fundi muda wa kurekebisha. Akikaidi, shauri linaweza kupelekwa kwa baraza la wazee wa kilima, lililorejeshwa na sheria ya Januari 2021 kwa kufuata mapokeo ya bashingantahe, yaani wazee wasuluhishi wa jadi, na upatanisho wa hapo mara nyingi humrudisha fundi kazini mapema kuliko hukumu. Usuluhishi ukishindikana, mahakama ya tarafa au ile ya ngazi ya juu yake, kulingana na thamani ya madai, inaweza kuteua mtaalamu wa kuichunguza nyumba, kisha ikaamuru marekebisho, fidia au kuvunjwa kwa mkataba. Fundi aliyechukua fedha kwa hila akatoweka anaweza pia kushtakiwa kwa udanganyifu chini ya Sheria ya Adhabu ya mwaka 2017. Aliyenunua nyumba iliyokwisha kujengwa ana njia nyingine: akigundua kasoro iliyofichika, anaweza kuirudisha na kudai bei yake, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei, mradi afungue madai bila kukawia.

Ziwa lenyewe huleta ugumu wa pekee. Maji yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakarudi kuvamia makazi ya mwambao mwaka 2021 na tena 2024, na wajenzi hupenda kuyaita nguvu isiyozuilika, yaani tukio linalomwondolea mtu wajibu kwa sababu halikutazamiwa wala halikuepukika. Hoja hiyo haistahili kupokelewa kirahisi, kwa kuwa tukio lililokwisha kujirudia mbele ya macho ya watu si la kushangaza tena. Lakini mwenye nyumba naye hubanwa na Sheria ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012, inayotenga ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika, na vilevile na Sheria ya Mipango ya Miji, Makazi na Ujenzi ya mwaka 2016. Aliyejenga ndani ya ukanda huo, au bila kibali, huifikia mahakama akiwa na madai dhaifu, hata kama fundi wake alikosea kweli.

Tena jengo bovu likimwangukia jirani, anayedaiwa kwanza ni mwenye jengo, hata kama hakushika mwiko wala timazi, naye hubaki na haki ya kumgeukia aliyemjengea ili amlipe alichokitoa.