Nani Anachangia? Vibarua wa Kitale na Bungoma na Hesabu ya Uzeeni

Katika mijadala ya pensheni nchini Kenya imezoeleka kudaiwa kwamba vibarua, wanabodaboda na mama mboga huzeeka maskini kwa kukosa utamaduni wa kuweka akiba. Ndiyo sababu tiba yao imekuwa mipango ya hiari: Mbao, iliyoanza mwaka 2011 kwa shilingi 20 kwa siku, kisha Haba Haba ya NSSF kwa shilingi 25. Kwamba Wakenya wengi hufanya kazi nje ya ajira rasmi, hakuna anayebisha. Ninachobishia ni hilo la utamaduni.

Tumchukue mwalimu wa Bungoma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000, aliye katika mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021. Hukatwa asilimia 7.5, yaani 3,000. Serikali huongeza asilimia 15, yaani 6,000. Jumla ni 9,000 kwa mwezi. Mwanabodaboda wa Chwele asiyekosa kuweka shilingi 25 hata siku moja, Krismasi na siku za matanga zikiwemo, atafikisha 9,125 kwa mwaka mzima. Theluthi mbili ya fedha za mwalimu hazikutoka mfukoni mwake, na hiyo theluthi iliyobaki hukatwa kabla hajauona mshahara. Nidhamu yake haijajaribiwa hata kidogo. Kinachomwekea akiba ni mkataba wa ajira.

Kitale hali ni ngumu zaidi. Kibarua wa mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia hupata kazi wakati wa kupanda, palizi na mavuno. Mchango wa kila siku haumfai mtu asiye na kipato cha kila siku. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humgeuza kuwa mfanyakazi wa mwezi siku zake mfululizo zikifikia mwezi mmoja. Mwajiri asiyetaka mzigo huo humpumzisha mapema, na asilimia 6 ya mwajiri chini ya Sheria ya NSSF ya 2013 inakuwa vigumu kuidai.

Wanaolaumu utamaduni watasema kibarua ana chama, sacco na shamba la baba. Chama kinathibitisha kinyume cha madai yao: watu hawa huweka akiba kila wiki, ila Januari karo huimaliza. (Na anayedhani ajira rasmi pekee ni kinga awaulize watu wa Webuye, ambako kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009.)

Njia nyingine ipo. Nchini Rwanda, kupitia mpango wa akiba wa EjoHeza ulioanza 2018, serikali yenyewe imewaongezea wachangiaji wa kipato kidogo. Kenya huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi, sawa na 24,000 kwa mwaka. Kumwongezea mwanabodaboda wetu nusu ya mchango wake kungegharimu takriban 4,560 kwa mwaka, tena akiwa bado kijana na fedha hizo zikiwa na miongo ya kuzaa faida. Hazina isiyoweza kumudu kiasi hicho leo itadaiwa zaidi atakapofika 70.