Leseni na matoleo ya Windows

Leseni ya Windows ni ruhusa ya kisheria ya kutumia mfumo wa uendeshaji wa Windows kwenye kompyuta. Ruhusa hiyo hutolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, ambayo imekuwa ikitoa Windows tangu mwaka 1985. Anayelipia Windows hanunui programu yenyewe. Programu hubaki mali ya Microsoft, na mnunuzi hupata haki ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa katika mkataba wa leseni. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na Windows ileile kwenye kompyuta zinazofanana, lakini mmoja akaruhusiwa kuihamishia kwenye kompyuta mpya na mwingine asiruhusiwe.

## Mambo matatu yanayochanganywa

Mnunuzi wa Windows huchagua mambo matatu kwa pamoja, ingawa mara nyingi huyaona kama jambo moja.

La kwanza ni kizazi cha mfumo, kama Windows 7, Windows 10 au Windows 11. Kizazi ndicho kinachoamua mfumo utapata masahihisho ya usalama mpaka lini.

La pili ni toleo ndani ya kizazi hicho, kama Home au Pro. Toleo huamua ni kazi zipi mfumo unaweza kufanya.

La tatu ni aina ya leseni. Hii huamua nani anaruhusiwa kuutumia mfumo, kwenye kompyuta ipi, na kama haki hiyo inaweza kuhamishwa.

Kosa katika jambo la kwanza au la pili huonekana mapema, kwa sababu kompyuta hushindwa kufanya kazi inayotakiwa. Kosa katika jambo la tatu huweza kukaa miezi mingi bila kuonekana.

## Aina za leseni

Leseni ya kiwandani huja na kompyuta mpya ikiwa imeshawekwa na mtengenezaji. Bei yake imo ndani ya bei ya kompyuta, na ndiyo nafuu kuliko leseni nyingine kamili. Sharti lake kuu ni kwamba imefungwa kwenye kompyuta hiyo: kompyuta ikifa, leseni nayo hufa. Ubao mama unaweza kubadilishwa kwa sababu ya ubovu bila leseni kupotea, lakini ubao ukibadilishwa ili kuongeza nguvu ya kompyuta, Microsoft huihesabu kuwa kompyuta mpya.

Leseni ya rejareja huuzwa peke yake, dukani au kwenye mtandao. Hutumika kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja, lakini mwenyewe anaweza kuiondoa kwenye kompyuta ya zamani na kuiweka kwenye mpya. Bei yake ni kubwa kuliko ya kiwandani.

Leseni ya kuboresha huuzwa kwa bei ya chini kwa mtu ambaye tayari ana leseni halali ya kizazi kilichotangulia. Haisimami peke yake. Leseni ya zamani na mpya huwa kitu kimoja, kwa hiyo ya zamani haiwezi tena kutumika kwenye kompyuta nyingine.

Leseni ya jumla huuzwa kwa kampuni, shule na ofisi zenye kompyuta nyingi. Wanunuzi wengi hawajui kwamba kwa kompyuta za watumiaji, leseni ya jumla ya Windows ni ya kuboresha tu. Kila kompyuta inapaswa kuwa na leseni yake inayostahili kabla ya leseni ya jumla kuwekwa juu yake. Kwa mfano, shule ikinunua kompyuta 30 zisizo na leseni yoyote, kisha ikalipia leseni za jumla 30, itakuwa imelipa fedha zake na bado haijatimiza masharti.

## Matoleo

Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, ilikuwa na matoleo sita: Starter, Home Basic, Home Premium, Business, Enterprise na Ultimate. Wingi huo uliwachanganya wanunuzi. Kabla Vista haijatoka, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba zina uwezo wa kuendesha Vista, kumbe baadhi zilimudu Home Basic tu bila mwonekano mpya wa skrini uliotangazwa sana. Mwaka 2007 wanunuzi walifungua kesi dhidi ya Microsoft katika mahakama ya Seattle. Mwaka 2009 jaji aliiondolea kesi hiyo hadhi ya kuwa kesi ya pamoja ya wanunuzi wote.

Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, nayo ilikuwa na matoleo sita. Tofauti zake zilionekana hata katika kiasi cha kumbukumbu ya RAM kilichoruhusiwa. Katika mfumo wa biti 64, Home Basic ilikubali GB 8, Home Premium GB 16, na Professional GB 192. Mfumo wa biti 32 haukuvuka GB 4 katika toleo lolote, hata kama kompyuta ilikuwa na zaidi.

Katika Windows 10 na Windows 11, mtu wa kawaida huchagua hasa kati ya Home na Pro. Home hutosha kwa kuandika, kusoma, kutumia intaneti na kazi za shule. Pro huongeza mambo ambayo ofisi huyahitaji: kuunganisha kompyuta na mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva, kufunga diski nzima kwa BitLocker, na kuiendesha kompyuta ukiwa mbali nayo. Matoleo ya Enterprise na Education hupatikana kwa mashirika na taasisi za elimu. Anayeanza na Home anaweza kulipa tofauti na kupanda hadi Pro bila kufuta mafaili yake, kwa hiyo hana haja ya kununua Pro kwa hofu ya mahitaji ya baadaye.

## Historia ya kuboresha

Windows 7 ilipotoka, nchini Marekani Home Premium kamili iliuzwa dola 199.99 na ya kuboresha dola 119.99. Professional kamili ilikuwa dola 299.99 na ya kuboresha dola 199.99. Nafuu hiyo iliwahusu waliokuwa na leseni ya Windows XP au Vista. Hata hivyo, haki ya kununua kwa bei nafuu haikuwa na maana kwamba kazi ingekuwa rahisi. Aliyetoka Vista aliweza kuacha programu na mafaili yake mahali pake, lakini aliyetoka XP alilazimika kuweka mfumo upya na kurudisha programu moja moja. Vilevile, kutoka biti 32 kwenda biti 64 kulihitaji kuanza upya.

Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, leseni ya kuboresha kwenda Pro iliuzwa dola 39.99 kwenye mtandao hadi tarehe 31 Januari 2013. Windows 10 ilikwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 29 Julai 2015 hadi 29 Julai 2016, wenye Windows 7 na 8.1 waliruhusiwa kuboresha bila malipo. Toleo lilifuata toleo: Starter, Home Basic na Home Premium zilikwenda Home, Professional na Ultimate zilikwenda Pro. Enterprise haikuhusika.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ni bure kwa mwenye leseni ya Windows 10, lakini kizuizi kilihama kutoka kwenye bei na kwenda kwenye kompyuta yenyewe. Inahitaji prosesa ya biti 64 iliyomo katika orodha ya Microsoft, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti hayo, hata kama zinafanya kazi vizuri. Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10.

## Uamilishaji

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, Microsoft huhakikisha leseni kwa njia ya uamilishaji. Mtumiaji huingiza ufunguo wenye herufi na tarakimu 25, na mfumo huuhusisha na vifaa vya kompyuta hiyo. Tangu Windows 8, ufunguo wa kiwandani huhifadhiwa ndani ya ubao mama, hivyo hausomeki tena kwenye kibandiko cha nje. Katika Windows 10 na 11, haki hiyo huweza pia kuunganishwa na akaunti ya Microsoft, jambo linalorahisisha kuirudisha vifaa vinapobadilishwa.

Kufaulu kwa uamilishaji si uthibitisho wa uhalali wa leseni. Katika njia moja ya leseni za jumla, kompyuta huamilishwa na seva ya taasisi, na hulazimika kuwasiliana tena na seva hiyo ndani ya siku 180. Mtu akiuziwa kompyuta iliyoamilishwa hivyo nje ya taasisi, mfumo huonekana halali kwa miezi kadhaa, kisha hudai kuamilishwa upya. Wakati huo muuzaji huenda haonekani tena.

## Kompyuta zilizotumika

Afrika Mashariki huingiza kompyuta nyingi zilizotumika, na kwa mnunuzi wake aina ya leseni ina uzito kuliko toleo. Leseni ya kiwandani husafiri pamoja na kompyuta yake, kwa hiyo kompyuta iliyouzwa na Windows tangu kiwandani bado inayo haki hiyo kwa mmiliki mpya. Leseni ya jumla haisafiri hivyo. Hubaki na taasisi iliyoinunua. Nchini Tanzania programu za kompyuta hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nchini Kenya na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Katika Umoja wa Ulaya, mahakama ya haki iliamua tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, kwamba mwenye leseni ya kudumu anaweza kuiuza tena, mradi afute nakala yake mwenyewe. Uamuzi huo ni wa sheria za Ulaya na hauzibani nchi nyingine.

## Kiswahili katika Windows

Microsoft imetoa vifurushi vya lugha ya Kiswahili vinavyowekwa juu ya mfumo wa Kiingereza. Katika Windows 7, lugha kamili za ziada kama Kifaransa ziliruhusiwa katika Ultimate na Enterprise tu, lakini kifurushi cha Kiswahili kilipatikana bure kwa matoleo yote. Kwa hiyo aliyetaka menyu za Kiswahili hakuhitaji kulipia toleo la juu.

## Mifumo mingine

Kampuni ya Apple iliacha kutoza malipo ya kuboresha mfumo wake tangu mwaka 2013, lakini leseni yake huruhusu mfumo huo kwenye kompyuta za Apple tu. Mifumo ya Linux kama Ubuntu hutolewa kwa leseni huria: yeyote anaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta nyingi atakavyo na kuigawa kwa wengine. Kwa kompyuta nzima isiyotimiza masharti ya Windows 11, hiyo ni njia mojawapo ya kuendelea kupata masahihisho ya usalama bila kununua kompyuta mpya, ingawa baadhi ya programu za Windows hazifanyi kazi humo.