Ndani ya Kifaru Kidogo: Historia ya Rangi Iliyofichwa

Katika ufundi wa kuunda modeli za magari ya kivita, yaani nakala ndogo za vifaru na magari ya deraya zinazounganishwa kwa vipande vya plastiki na kupakwa rangi kwa mkono, kazi ya kupamba sehemu za ndani ndiyo iliyochelewa kuliko zote kupata heshima. Sababu yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kukitazama kifaru kwa karibu: chombo hicho kimefungwa pande zote, na modeli yake ikishabandikwa paa hakuna jicho linalofika tena kwenye viti, kwenye redio wala kwenye makombora yaliyopangwa ukutani. Hata hivyo, katika muda wa takriban miaka 60, chumba hicho cha giza kiliacha kuwa mahali pa kufichia betri, kikawa sehemu inayomdai fundi saa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya modeli, na mabadiliko hayo yalitegemea viwanda kwa kiasi, lakini zaidi yalitegemea ushahidi, yaani nani aliyejua vifaru halisi vilikuwa na rangi gani ndani, na alijuaje.

Kuonyesha kilichomo ndani ya chombo kwa kutumia nakala ndogo ni desturi ya zamani kuliko vifaru vyenyewe. Katika karne ya 17 mafundi wa Uingereza waliounda modeli za meli za kivita waliacha sehemu ya chini ya bodi bila kuipigilia mbao, ili zionekane zile mbavu ambazo mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki huziita mataruma. Modeli za kijeshi za karne ya 20 zilifuata njia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nakala zilizotumiwa kuwafundisha askari kutofautisha magari ya rafiki na ya adui hazikuwa na uwazi wowote ndani, kwa kuwa askari alihitaji kulitambua umbo la gari kwa mbali, na hakuwa na haja ya kujua dereva wake ameketi wapi.

Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama biashara ya mbao na kuunda modeli za mbao kabla ya kugeukia plastiki, ilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 modeli ya kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, iliyotembea kwa mota ndogo ya umeme. Shunsaku Tamiya, aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo, alieleza baadaye kwamba ukubwa wa modeli hiyo ulichaguliwa ili bodi iweze kuchukua betri mbili, na kwamba ilipopimwa ndipo ilipoonekana kuwa takriban sehemu moja ya 35 ya kifaru chenyewe. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipimo cha 1:35, ambacho katika hesabu yake sentimita moja ya modeli husimama badala ya sentimita 35 za gari halisi, na ambacho hadi leo ndicho kinachotumiwa zaidi kwa modeli za magari ya kivita. Jambo hili lina uzito, maana kipimo ambacho vizazi vya baadaye vilikitumia kuhukumu usahihi wa kila kiti na kila bolti kilitokana na ukubwa wa betri. Kwa miaka mingi bodi za modeli za Tamiya ziliendelea kuwa na matundu ya swichi na mota chini yake, na waunda modeli walizoea kuyaziba kwa vipande vya plastiki na puti kabla ya kugusa kazi nyingine.

Palipokaa mota hapakuwa na nafasi ya askari. Tamiya yenyewe ilijaribu kuliondoa tatizo hilo katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 kwa mfululizo mkubwa zaidi wa 1:25, ambamo vifaru vya Tiger na Panther viliweza kupatikana vikiwa na vifaa vya ndani, lakini wanunuzi wengi walibaki na 1:35. Mlango ulifunguliwa na magari yasiyo na paa. Gari la Kijerumani la Sd.Kfz. 251 na lile la Kimarekani la M3, yote mawili yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, yalibeba askari ndani ya sanduku la chuma lililo wazi juu, na kampuni zilizoyatengenezea modeli katika miaka ya 1970 hazikuweza kukwepa kuchonga viti, usukani na vishikizo vya bunduki. Mtazamaji aliyezoea kuchungulia ndani ya gari lililo wazi alianza kuuliza kuna nini ndani ya lile lililofungwa.

Watu wawili wanastahili kutajwa hapa. Sheperd Paine wa Chicago (1946–2015), ambaye karatasi zake za maelekezo ziliwekwa ndani ya maboksi ya modeli za kampuni ya Monogram katika miaka ya 1970, alijulikana pia kwa diorama za sandukuni: mandhari ndogo zilizofungwa, zenye taa zake, zinazotazamwa kupitia dirisha moja tu. Somo lake la kumwongoza mtazamaji kwa tundu na kwa mwanga linamfaa sana anayepaka rangi ndani ya kifaru, kwa maana mfuniko wa kamanda ni dirisha la aina hiyohiyo. Mwingine, François Verlinden wa Ubelgiji, katika miaka ya 1980 alieneza vifaa vya nyongeza vya resini, yaani kemikali ya majimaji inayomiminwa katika kalibu ya mpira ikaganda na kuwa ngumu, na kwa vifaa vya namna hiyo injini na vyumba vya askari viliweza kuongezwa katika modeli ambazo viwandani zilitoka tupu.

Vyumba vilipoanza kujaa, swali la rangi likawa halikwepeki. Ndani ya kifaru ni giza. Mifuniko ikifungwa hubaki taa chache na mwanga hafifu unaopenya kwenye periskopu, ambazo ni vioo vya kutazamia nje bila kutoa kichwa. Ndiyo maana majeshi mengi yalipaka kuta za ndani rangi inayorudisha mwanga, ili askari wa kupakia mzinga atofautishe kombora la kutoboa deraya na lile la kulipuka bila kupapasa. Vifaru vya Marekani vilipakwa nyeupe, vya Kisovyeti kwa kawaida nyeupe pia, na vya Waingereza vilianza vita vikiwa na rangi ya fedha kabla ya kuhamia nyeupe. Katika kifaru cha Kimarekani upande wa ndani wa mifuniko ulipakwa kijani kilekile cha nje, kwa sababu mfuniko mweupe ukifunguliwa huonekana kwa mbali na kumwita mlenga shabaha wa adui. Na gari la M3, ambalo halina paa, lilipakwa kijani ndani na nje kwa sababu iyo hiyo. Anayeipaka nyeupe modeli ya M3 anaonyesha kwamba amenakili kanuni bila kuielewa.

Wajerumani walikuwa na utaratibu wenye tabaka mbili, na huo ndio unaowashughulisha zaidi waunda modeli. Sehemu ya juu ya chumba ilipakwa rangi ya pembe ya ndovu, wakati sakafu, sehemu za chini za bodi na chumba cha injini mara nyingi ziliachwa na rangi ya msingi nyekundu ya kuzuia kutu. Rangi hiyo si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwani ni ya jamii moja na ile redi oksaidi ambayo mafundi wa kuchomelea hupaka mageti na grili za madirisha kabla ya rangi ya mwisho. Kuelekea mwisho wa vita, Ujerumani ilipobanwa na uhaba wa malighafi na wa muda, rangi ya pembe iliachwa na vifaru vikatoka kiwandani vikiwa vyekundu ndani, jambo lililowaongezea giza askari waliokuwa na shida za kutosha. Kwa hiyo Panther ya mwaka 1943 na Panther ya mwanzo wa 1945, ambazo kwa nje zinaweza kufanana, kwa ndani ni vyumba viwili tofauti, na fundi anayechagua kopo la rangi anachagua pia mwezi wa vita.

Ujuzi huo haukupatikana kwa urahisi. Picha nyingi za wakati ule hazina rangi. Vifaru vilivyobaki katika majumba ya makumbusho vilipakwa upya mara kadhaa. Na rangi nyeupe yenye mafuta, ikikaa gizani miaka mingi, hugeuka kuwa ya manjano, hivyo kwamba kilichokuwa cheupe huweza kudhaniwa kuwa kilikuwa na rangi ya pembe tangu mwanzo. Hata namba za rangi hupotosha: ile ya 1001 katika orodha ya Kijerumani ya RAL, iliyotajwa wakati wa vita kuwa rangi ya pembe, leo katika orodha hiyohiyo inaitwa beji. Kwa sababu hizo, mabaki machache yaliyochunguzwa mapema yana thamani kubwa. Kifaru cha Tiger namba 131, kilichotekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943, kilipelekwa Uingereza na kuchunguzwa na wataalamu waliokipiga picha, wakakipima na kuandika taarifa juu ya sehemu zake. Leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Vifaru la Bovington, Dorset, na injini yake inafanya kazi. Utafiti wa Thomas Jentz katika nyaraka za Kijerumani, pamoja na michoro ya Hilary Doyle, uliwapa waunda modeli vipimo na tarehe mahali ambapo awali walikuwa wakikisia.

Kazi yenyewe, ikitazamwa kwa karibu, inadai subira. Tiger halisi lilibeba makombora 92 ya milimita 88, na katika 1:35 kila moja huwa na kipenyo cha milimita mbili na nusu na urefu wa sentimita mbili na ushei. Fundi hulipaka ganda rangi ya shaba au ya chuma, kisha kichwa chake kulingana na aina ya kombora. Ukuta hupuliziwa rangi ya pembe kwa brashi ya hewa, sakafu ikiwa imefunikwa kwa utepe ili wekundu wake usiguswe, halafu rangi ya kahawia iliyochanganywa na tina nyingi hupitishwa ili ituame kwenye pembe na kuzunguka vichwa vya bolti. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuhamishia ndani uchakavu wa nje. Ndani ya kifaru hakuna mvua wala jua, kwa hiyo kutu na rangi iliyopauka havina nafasi kubwa. Kilichopo ni michubuko ya buti kwenye ukingo wa kiti cha dereva, vumbi lililosagwa sakafuni, madoa ya mafuta na mikwaruzo ya maganda yanayodondoka kutoka kitako cha mzinga. Katika kifaru cha Kisovyeti cha T-34 makombora mengi yaliwekwa kwenye masanduku ya sakafuni yaliyofunikwa kwa mikeka ya mpira, na askari wa kupakia alisimama juu yake, hivyo mikeka hiyo inapaswa kuonekana imevurugika, kwa kuwa katikati ya mapigano ilifunuliwa tena na tena.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 kampuni za China kama Rye Field Model, Takom na Meng, pamoja na MiniArt ya Kyiv, Ukraine, zilianza kuuza vifaru vyenye vyumba kamili tangu kiwandani, baadhi vikiwa na vipande zaidi ya 1,000, na Rye Field Model ikatoa Tiger lenye sehemu za bodi zinazopenya mwanga kama kioo. Kazi iliyokuwa ya wachache wenye resini na msumeno ikawa ya kila mwenye boksi. Mafundi waligawanyika juu ya paa: wapo wanaoliacha bila gundi ili linyanyuliwe, wapo wanaokata ubavu wa bodi kwa lengo lilelile la mafundi wa meli wa karne ya 17, na wapo wanaolibandika moja kwa moja. Hawa wa mwisho huipiga picha kila hatua kabla ya kufunga, kisha huacha mfuniko mmoja wazi, na mtazamaji akimulika tochi ndogo kwenye tundu hilo ataona ukingo wa kiti, kitako cha mzinga, na labda makombora matatu au manne kati ya yale 92.