Daraja lililozama polepole

Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumze kuhusu zege na chuma. Msikimbie! Hadithi hii ina hitilafu ndani yake, tena ya aina tunayoiogopa sana sisi waundaji wa programu: ile isiyojitokeza siku ya majaribio.

Tuanzie nyumbani. Chukua kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, uifunge na kuikaza barabara. Baada ya siku chache utaikuta imelegea, ilhali mafundo hayajasogea hata kidogo. Urefu ni uleule, ila nguvu ya mvuto imepungua. Huku ndiko kulegea kwa mkazo. Hali hii ina pacha wake: mzigo unabaki uleule, lakini kitu kinaendelea kurefuka au kufupika polepole. Mwaka 1867 James Clerk Maxwell aliiandikia hesabu: mkazo hupungua kwa kasi inayolingana na kiasi kilichobaki. Mwanzoni hushuka haraka, kisha taratibu.

Sasa twende Ufaransa. Mhandisi Eugène Freyssinet alijenga daraja la zege juu ya mto Allier, mahali paitwapo Le Veurdre, karibu mwaka 1911. Lilikuwa na matao matatu, kila moja likiwa na urefu wa karibu mita 70. Lilipimwa, likafunguliwa, watu wakapita. Hesabu za siku zile zilichukulia zege kama springi: ukiweka mzigo linabonyea kidogo, basi, limemaliza.

Miezi ikapita. Freyssinet akaona kingo za daraja zimeanza kubonyea katikati ya matao. Zege lilikuwa linaendelea kufupika chini ya uzito wake lenyewe, na matao yakizidi kushuka yangeanguka. Kwa simulizi lake mwenyewe, usiku ule alipanda baiskeli hadi Le Veurdre, akawaamsha watu wanne aliowaamini. Wakarudisha jeki kwenye vilele vya matao na kulipopambazuka wakaanza kuyainua yote matatu kwa pamoja. Ilikuwa siku ya soko, hivyo kila baada ya dakika chache walisimama ili magari yapite! Daraja likapona, likasimama hadi lilipoharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kunyamaza. Yeye alitaka kujua chanzo, na jibu lake likafumbua fumbo la zamani. Tangu miaka ya 1880, watu kama Jackson wa San Francisco na Doehring wa Ujerumani walikuwa wamepata hataza za kukaza chuma ndani ya zege ili kulibana lisipasuke. Wazo zuri, lakini mbano huo haukudumu. Kwa nini?

Tupige hesabu. Chuma cha kawaida ukikivuta kwa megapaskali 120, kila mita inarefuka milimita 0.6. Tuseme zege nalo, kwa kukauka na kubanwa, linafupika milimita 0.6 kwa kila mita. Umebaki na nini? Sufuri. Chukua sasa nyaya za chuma kigumu unachoweza kukivuta hadi megapaskali 1000. Zinarefuka milimita 5 kwa mita. Ukipoteza 0.6, bado una asilimia 88 ya mkazo wako. Freyssinet alipata hataza ya njia hii mwaka 1928.

Chuma chenyewe nacho hulegea. Kikivutwa hadi asilimia 70 ya nguvu zake, nyaya za kawaida zinakadiriwa kupoteza hadi asilimia 8 ya mkazo kwa saa 1000. Zile zilizotengenezwa kupunguza ulegevu hazizidi asilimia 2.5 hivi.

Kilichonigusa ni hiki. Niliwahi kuandika programu iliyofaulu majaribio yote, kisha ikazima baada ya wiki tatu kazini kwa sababu ilikuwa ikila kumbukumbu ya tarakilishi kidogo kidogo. Dawa yangu ilikuwa kuiwasha upya kila Jumapili usiku. Yaani niliinua tao kwa jeki, nikaenda kulala. Freyssinet aliinua tao, halafu akaitafuta sababu kwa miaka. Nimeifungua tena ile programu wiki hii. Nitawaambia nitakachokipata.